Pumzi, Mlango na Kitufe: Fizikia Iliyomo Ndani ya Hadithi za Ted Chiang

Mtu wa ulimwengu wa "Exhalation", hadithi ya Ted Chiang, hali wala hanywi. Kifuani ana mapafu mawili ya metali, na kila siku huyachomoa yaliyokwisha hewa na kupachika mengine yaliyojazwa. Vituo vya kujazia ndivyo vijiwe vya mji: huko watu hupiga soga, hujuliana hali, hupata habari za mitaa ya mbali. Hewa yenyewe hutoka kwenye hifadhi kubwa chini ya ardhi, na kwa kuwa haijawahi kuonekana ikipungua, hakuna anayejiuliza itaisha lini. Ulimwengu mzima umezungushiwa ukuta wa kromi. Kifo kipo, ila ni cha nadra, cha ajali au cha uzembe wa kuchelewa kubadilisha mapafu.

Kisha linazuka jambo dogo. Kila siku ya kwanza ya mwaka, saa sita mchana, mpiga mbiu hughani shairi refu ambalo kwa desturi humchukua saa nzima kamili. Mwaka huu saa ya mnara imegonga kabla hajafika mwisho. Watu wanalichukulia kama kituko tu. Halafu inasikika kuwa mtaa mwingine limetokea lilelile, na mwingine tena. Mafundi wanazikagua saa, hawaoni kasoro. Msimulizi, ambaye kazi yake ni kuchunguza maumbile ya mwili, anaamua kufanya jambo la kuogofya: anajifungia chumbani, anapanga vioo na mikono ya mashine, anaupasua ubongo wake mwenyewe akiwa macho, apate kuona fikra zinaendaje.

Kitabu kilichobeba jina la hadithi hiyo kilitoka 2019. Mwandishi ni Ted Chiang, Mmarekani aliyezaliwa 1967 katika jimbo la New York, akasomea sayansi ya kompyuta na kwa miaka mingi akajipatia riziki kwa kuandika miongozo ya kiufundi. Si mtu wa pupa. Hadithi yake ya kwanza ilichapishwa 1990, na mikusanyiko yake miwili, wa 2002 na huu wenye hadithi tisa, ukiijumlisha unapata hadithi 17. Waliotazama filamu ya Arrival ya 2016 wameshakutana naye bila kujua, maana ilitokana na hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa kwanza.

Fasihi ya namna hii wapenzi wake huiita bunilizi ngumu ya kisayansi, na jina hilo limewafukuza wasomaji wengi. Mtu akisikia "ngumu" anakumbuka mtihani wa fizikia wa kidato cha nne, anarudisha kitabu rafuni. Chiang hamdai msomaji mahesabu. Mzigo anaubeba mwenyewe: anabadilisha sheria moja ya maumbile, kisha anajifunga nayo mpaka nukta ya mwisho. Hakuna jini anayechomoza kwenye ukurasa wa mwisho kumwokoa mhusika. Na kwa kuwa sheria haipindi, swali linalobaki katika kila hadithi ni hili: mtu aliyebanwa nayo atafanya nini? Ndiyo maana ukizielewa sheria zenyewe, hata juujuu, utamu wa kitabu unaongezeka maradufu. Katika kuzieleza nitafichua mengi ya yaliyomo, kwa hiyo asiyetaka kuonjeshwa mapema akasome kwanza kisha arudi.

Hewa ipo, ila haisukumi

Alichokiona msimulizi ndani ya ubongo wake ni majani membamba ya dhahabu, mengi yasiyohesabika, yanayochezacheza katika mkondo wa hewa. Kumbukumbu haikuchongwa popote. Imo katika namna majani hayo yanavyokaa huku yakishikiliwa na upepo unaopita. Upepo ukikatika, majani yanaanguka, na yule aliyekuwamo hayupo tena, hata ukija kumjazia mapafu mapya. Hapo fumbo la saa linafumbuka. Saa hazikimbii. Bongo ndizo zilizopunguza mwendo, kwa sababu hewa ya nje imeanza kuwa nzito. Kila pumzi inayotolewa huongeza kidogo kanieneo, yaani msukumo, ya hewa ya nje na kupunguza ile ya hifadhi iliyo chini. Tofauti inasinyaa, mkondo unalegea, majani yanacheza taratibu, na mtu anahisi kana kwamba ulimwengu umeharakisha.

Siku tofauti hiyo itakapofika sifuri, hewa haitakuwa imepungua hata chembe. Itajaa tele kila mahali. Ila haitasukuma kitu.

Hili ndilo jambo ambalo shuleni wengi wetu tulilipita mbio. Tulikaririshwa kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, tukaandika, tukapata alama. Mwanafunzi mkorofi angeuliza: kama haipotei, mbona kila siku tunaambiwa tuitunze isiishe? Jibu limo katika sheria ya pili ya themodinamiki, elimu ya joto na nishati. Mhandisi Mfaransa Sadi Carnot alilikaribia 1824 alipoonyesha kuwa injini ya mvuke haifanyi kazi kwa sababu ya joto peke yake, bali kwa sababu joto linateremka kutoka penye moto kwenda penye baridi. Ukiiweka injini mahali ambapo kila kitu kina moto sawasawa, haizunguki. Mwaka 1865 Mjerumani Rudolf Clausius akakipa kipimo cha mporomoko huo jina: entropia. Nishati haipotei, lakini huporomoka kutoka hali inayoweza kufanya kazi kwenda hali isiyoweza, na katika mfumo uliofungwa hakuna njia ya kuipandisha tena kwa jumla.

Kwa nini iporomoke upande mmoja tu? Ludwig Boltzmann wa Austria alijibu kwa hesabu ya bahati. Chukua sanduku lenye molekuli 10 za hewa zinazorukaruka ovyo. Uwezekano wa kuzikuta zote upande wa kushoto kwa wakati mmoja ni mara 1 katika 1,024. Ukiwa na subira utaliona hilo likitokea. Ziwe 100, na uwezekano unakuwa mara 1 katika namba yenye tarakimu 31. Pumzi moja ya kawaida ina molekuli nyingi kupita hapo, kwa namba yenye tarakimu 23. Hakuna amri inayozikataza molekuli kurudi kwenye kona moja na kukuacha huna hewa chumbani. Ni kwamba njia za kutawanyika ni nyingi mno kuliko njia za kukusanyika, kiasi kwamba kukusanyika hakutokei. Mlinganyo wa wazo hilo umechongwa kwenye kaburi la Boltzmann jijini Vienna.

Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wameishi na sheria hii karne nyingi. Kaskazi huvuma kwa sababu bara la Asia hupoa wakati wa kipupwe chake, hewa yake ikawa nzito, ikateremka kuelekea baharini na kuvuka hadi huku. Majira yakibadilika, bara likipata joto, kanieneo yake hushuka na kusi huchukua zamu. Jahazi lililotoka Muscat kuja Lamu au Unguja, na baadaye likarudi, lilisukumwa na tofauti kati ya hewa na hewa. Kungekuwa na kanieneo moja kutoka Gujarati hadi Kilwa, bahari ingekuwa shwari mwaka mzima, na mji kama Kilwa sijui ungejengwa kwa biashara gani. Tofauti na ulimwengu wa kromi, wetu una Jua linaloirudisha tofauti hiyo kila mwaka.

Na Jua ndipo hadithi ya Chiang inapotugusa sisi wenye damu. Dunia hupokea nishati kutoka kwenye Jua na kuirudisha angani karibu yote, la sivyo tungekuwa tumeshachemka zamani. Basi tunafaidi nini? Tunafaidi ubora. Kwa kila chembe moja ya mwanga wa Jua inayoingia, Dunia hutoa takriban 20 za mwanga dhaifu wa infraredi, usioonekana kwa macho, zenye nishati ileile kwa jumla lakini iliyosambaratika. Maisha yote, kuanzia jani la mhogo hadi mtu anayekula kisamvu, yamejipachika katikati ya mporomoko huo kama kinu cha maji kwenye maanguko. Mwanafizikia Erwin Schrödinger alilisema jambo hili waziwazi mwaka 1944: kiumbe hai hujidumisha kwa kunyonya mpangilio kutoka nje na kutoa vurugu. Wewe unayesoma hapa umeketi tu, mwili wako unatoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu moja ya zamani. Chakula cha siku nzima kinaishia huko.

Kwa hiyo viumbe wa metali ni sisi, waliovuliwa nyama ili mashine ionekane. Sijasoma maelezo ya entropia yaliyo safi kuliko haya, na nimesoma vitabu vya kiada vilivyojaribu.

Kuna kundi katika hadithi linalokataa kukubali. Linaunda mtambo wa kuibana hewa na kuipunguza huko nje. Mtambo unafanya kazi vizuri kabisa, ila nao unaendeshwa kwa hewa, na ile inayotoka humo inazidi ile iliyobanwa. Ni ugonjwa wa kila friji: inapoza ndani huku ikipasha moto jikoni, na ukiacha mlango wazi chumba hakipoi, kinaongezeka joto. Mwandishi asiye mkali angempa fundi mmoja hekima ya ghafla na mtambo ukafanikiwa. Chiang anakataa. Msimulizi wake anachoweza ni kuchonga maelezo yake kwenye mabamba ya shaba, akitumaini kwamba siku moja ukuta utatobolewa na msafiri kutoka ulimwengu mwingine, ayasome. Hadithi ilipata Hugo, tuzo ya bunilizi ya kisayansi, mwaka 2009, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kukinunua kitabu hata kama mengine yote humo yangekuwa ya wastani.

Mlango usiofuta kitu

"The Merchant and the Alchemist's Gate" ni ya 2007, na msomaji wa Kiswahili ataingia humo kama anaingia nyumba ya mjomba. Fuwaad ibn Abbas, mfanyabiashara wa vitambaa wa Baghdad, amesimama mbele ya khalifa akisimulia yaliyompata, na ndani ya kisa chake mna visa vingine, kisa kikizaa kisa, kwa mtindo wa Alfu Lela Ulela ambao wengi huku wamelelewa nao pamoja na vituko vya Abunuwasi. Fuwaad amekutana na Bashaarat, mwanaalkemia mwenye mlango wa duara. Ukipita kwa upande mmoja, unatokea miaka 20 mbele. Ukipita kwa upande wa pili, unatokea miaka 20 nyuma.

Fuwaad anataka kurudi nyuma. Miaka 20 iliyopita aliondoka nyumbani baada ya kugombana na mkewe, Najya, na aliporudi akakuta amefariki kwa kuangukiwa na ukuta wa msikiti. Lakini mlango wa Baghdad ni mpya, na mlango hauwezi kukupeleka siku ambayo wenyewe haukuwepo. Inabidi afunge safari hadi Cairo, kwenye mlango wa zamani zaidi, apite humo, kisha arudi Baghdad kwa nchi kavu, tena akihesabu siku.

Sharti hilo la ajabu si la kubuni. Mwaka 1988 mwanafizikia Kip Thorne, pamoja na wenzake wawili, alichapisha uchambuzi wa kile kinachoitwa handaki la anga: njia ya mkato yenye midomo miwili inayounganisha sehemu mbili za ulimwengu. Nadharia ya Einstein inasema saa inayosafiri kwa kasi kubwa hupita polepole kuliko iliyotulia. Ukiuchukua mdomo mmoja wa handaki ukaupeleka na kuurudisha kwa kasi ya kukaribia ile ya mwanga, utakuwa umebaki nyuma kiumri. Sasa midomo miwili iko jirani, lakini mmoja upo mwaka huu na mwingine upo mwaka mwingine. Anayeingia huku anatokea kule. Umbali wa safari yako ndani ya wakati ni hitilafu iliyopo kati ya midomo, wala hauvuki siku handaki lilipogeuzwa kuwa mashine ya wakati. Hapo pia limo jibu la wale wanaouliza mbona hatujaona wageni kutoka kesho: mlango wa kuwapitisha haujajengwa. Kulishikilia handaki lisijifunge kunahitaji nishati ya aina ambayo hakuna anayejua kuipata kwa kiasi hicho, na hiyo ndiyo kanuni pekee ambayo Chiang ameomba asamehewe.

Kuna kanuni ya pili, iliyojadiliwa sana na mwanafizikia Mrusi Igor Novikov: yaliyotokea yametokea. Kama ulirudi nyuma, basi kurudi kwako tayari kulikuwa sehemu ya yale yaliyokuwa. Huwezi kumwua babu yako, kwa kuwa hukumwua. Tazama kisa cha Ajib, mfumaji aliyepita mlangoni akamkuta Ajib mzee anaishi kimaskini, ilhali ana sanduku la dhahabu limefichwa. Kijana analiiba. Baadaye ndipo anapoelewa ubahili wa yule mzee ulitoka wapi: inambidi aishi miaka yake kwa kujinyima, akilijaza sanduku ambalo mwizi wake anamjua kwa jina na sura.

Fuwaad anapatwa na yaleyale kwa namna ya kuumiza zaidi. Safari inakwama hapa na pale, na anaingia Baghdad akiwa amechelewa. Najya ameshafariki. Lakini safari hii yupo mjini, na anafikiwa na mwanamke aliyemuuguza marehemu, mwenye maneno ya mwisho aliyoachiwa ampelekee mume. Hakuna lililobadilika katika yaliyopita, ila sasa anayajua. Chiang ameeleza kuwa aliichagua mandhari ya Kiislamu kwa sababu kuikubali kadari ni sehemu ya imani hiyo, na uchaguzi huo umezaa matunda: mhusika aliyelelewa kuamini kuwa lililoandikwa halina budi kuwa hapotezi kurasa akibishana na fizikia. Anashughulika na toba. Nitalalamika kidogo tu kwamba Baghdad yake ni ya vitabuni, yenye wafua dhahabu na misafara na hakuna harufu ya soko hata moja. Huenda ni makusudi.

Kitufe kinachokutangulia

Hadithi fupi kuliko zote, "What's Expected of Us", ilitoka 2005 katika jarida la sayansi la Nature, na ni kurasa chache tu. Kuna kijidude chenye ukubwa wa rimoti ya gari, kina kitufe na taa ya kijani. Taa huwaka sekunde moja kabla hujabonyeza. Mtu wa kwanza kupewa hucheka, kisha huanza ujanja: anasubiri taa iwake halafu asibonyeze. Haiwaki. Anaamua kubonyeza kwa ghafla bila kuwaza. Imeshawaka tayari. Hakuna anayeishinda. Baada ya wiki kadhaa baadhi ya watu wanaacha kufanya lolote; hawali mpaka walishwe, wanakodoa macho. Wameona kwa vidole vyao kwamba uamuzi ulikuwa umepita kabla yao.

Watu wengi huihusisha na majaribio ya Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo Mmarekani aliyechapisha matokeo yake 1983. Aliwafunga watu nyaya kichwani na kuwaambia watikise kifundo cha mkono wakati wowote wapendao, huku wakikariri mahali nukta ilipokuwa kwenye saa ya duara pale walipohisi nia. Mchoro wa umeme wa ubongo ulianza kupanda takriban nusu sekunde kabla ya mkono kutikisika. Nia yenyewe waliitaja kama sekunde 0.2 hivi kabla. Ubongo, kwa maneno mengine, ulikuwa mbioni kabla ya mwenyewe kujua. Wako waliolipokea hilo kama kifo cha hiari. Mwaka 2012 mtafiti Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba mpando huo unaweza kuelezwa kwa mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka bila mpango, mkono ukitikisika pale yanapofikia kiwango fulani. Mjadala haujafungwa, na mtu anayekuambia sayansi imeshathibitisha kuwa huna hiari anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ninachokipenda ni kuiweka hadithi hii kando ya ile ya Fuwaad. Fizikia ni moja. Kote kuwili kesho ni moja tu, na haibadiliki. Mfanyabiashara anaondoka akiwa ametua mzigo. Mwenye kitufe anageuka gogo. Chiang hasemi nani yuko sahihi, na kwa kuwa hadithi zimewekwa karibu karibu kitabuni, ubishi unabaki kwa msomaji.

Kesho zikiwa nyingi

Hadithi ya mwisho, "Anxiety Is the Dizziness of Freedom", inageuza kibao. Hapa kesho ni nyingi, zote za kweli. Msingi wake ni tasnifu ya mwanafizikia Hugh Everett wa Chuo Kikuu cha Princeton, ya 1957. Katika fizikia ya kwonta, ile ya vitu vidogo mno, chembe kabla ya kupimwa huelezwa kama mchanganyiko wa hali kadhaa, na maelezo ya kawaida husema kipimo huchagua moja. Everett alisema hakuna kuchagua: zote zinaendelea, kila moja na mpimaji wake, na matawi hayaonani tena.

Chiang anabadilisha neno moja tu katika sentensi hiyo. Matawi yanaonana. Kifaa chake, prizimu, kinapowashwa hupima chembe moja; katika tawi moja taa nyekundu huwaka, katika la pili ya buluu, na kuanzia hapo wenye prizimu hiyo katika matawi mawili wanaweza kuwasiliana. Wazo la mawasiliano ya namna hiyo lilipendekezwa kweli na mwanafizikia Rainer Plaga mwaka 1997, na hadithi inamtaja. Fizikia tunayoitumia hairuhusu. Mwandishi kisha anatia kikwazo cha kihasibu ambacho ndicho chumvi ya hadithi: kila prizimu imetengenezwa na akiba maalumu ya data, haiongezwi. Maandishi hutafuna kidogo, video humaliza upesi kama bando la wiki. Prizimu kuukuu yenye akiba iliyobaki ni mali, kwa sababu tawi lake limeachana na letu zamani. Biashara, ulaghai na mauaji vinafuata humo.

Kwa nini taa nyekundu au buluu iyageuze maisha ya watu? Hapa kuna Edward Lorenz. Mwaka 1961 mtaalamu huyo wa hali ya hewa alitaka kurudia sehemu ya hesabu za kompyuta yake, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127 iliyokuwa ndani ya mashine. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya pili ilikuwa imeachana kabisa na ya kwanza. Tofauti ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ilitosha. Katika hadithi, hitilafu ya chembe moja hugonga molekuli za hewa, zikagonga nyingine, na baada ya wiki chache mvua inanyesha mahali tofauti. Mimba inayotungwa siku hizo inazaa mtoto mwingine, maana mbegu iliyotangulia si ileile. Hakuna aliyekusudia lolote.

Kutoka hapo wahusika wanaanza kuugua. Ukijua kuwa katika tawi fulani umempiga mwenzako na katika lingine umejizuia, kujizuia kuna faida gani? Nat, anayefanya kazi katika duka la prizimu, na Dana, mshauri anayewatibu watu wa namna hii, wanalijibu kwa vitendo. Dana ujanani alimsingizia rafiki yake kosa ili ajiokoe. Maisha ya rafiki yakaharibika, na Dana amejilaumu miaka yote. Mwishoni anapokea video kutoka matawi mengine ambamo alitenda vinginevyo, na rafiki bado akapotea. Hoja ya mwandishi ni kwamba uamuzi wako wa leo hauyafungi matawi, lakini unajenga tabia ya mtu atakayeamua kesho, na mtu wa tabia hiyo atakuwa vivyo hivyo karibu kila tawi. Sina hakika hoja inasimama kifizikia. Kama mpasuko unatokea kabla ya uamuzi, ni nani aliyejenga tabia? Hata hivyo ndiyo hadithi niliyoibishia zaidi, na hilo kwangu ni sifa.

Zilizosalia nitazigusa tu. "The Lifecycle of Software Objects" ya 2010 ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo inayochosha: viumbe wa kidijitali wanalelewa kama watoto kwa miaka mingi, na simulizi inakwenda kama kumbukumbu za kikao. Dai lake, kwamba akili haipatikani kwa njia ya mkato bali kwa malezi, linasomeka kwa jicho jipya siku hizi ambapo mashine zinafunzwa kwa kumwagiwa maandishi. "Omphalos" inauliza ingekuwaje kama wanasayansi wangeikuta miti ya kale isiyo na duara katikati ya gogo na maiti zilizokaushwa zisizo na kitovu, yaani ushahidi halisi kwamba dunia iliumbwa kwa siku. Kisha inawatupia ugunduzi wa nyota ambao unaitikisa imani kwa upande wasioutarajia. Yaya wa mashine katika "Dacey's Patent Automatic Nanny" anafurahisha na kusahaulika.

"The Truth of Fact, the Truth of Feeling" inafuma visa viwili, kimoja cha teknolojia ya kurekodi kila kitu na kingine cha kijana wa Kitiv wa Nijeria anayefundishwa kuandika na mmisionari. Wazee wa Kitiv walibishana na wakoloni juu ya nasaba zilizoandikwa vitabuni, kwa kuwa nasaba iliyo mdomoni hujirekebisha kadiri ukoo unavyopatana na kugombana. Anayezijua nakala za Habari za Pate, masimulizi ya kale ya watawala wa Pate, ambazo hazikubaliani juu ya nani alitawala lini, ataelewa bila kuelezwa. Si sayansi ya maabara, ila ukali wa kufuata sharti moja hadi mwisho ni uleule.

Na "The Great Silence" inasimuliwa na kasuku wa Puerto Rico, jirani wa darubini ya redio ya Arecibo, sinia la mita 305 lililotumika pia kusikiliza kama kuna viumbe wa mbali. Ndege huyo anashangaa kwa nini binadamu wanasikiliza nyota ilhali yeye anaongea pembeni. Mwaka 1975 jamii yake porini ilikuwa imebaki ndege 13. Anamkumbuka pia Alex, kasuku wa kijivu wa Kiafrika aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg hadi akaweza kutaja rangi na maumbo, akafa 2007. Ndugu zake Alex ni wa misitu ya Kongo, Uganda na kipande cha magharibi mwa Kenya, na walinaswa na kuuzwa nje hadi biashara yao ikapigwa marufuku kimataifa kwa kura ya 2016. Arecibo yenyewe ilianguka Desemba 2020, mwaka mmoja na nusu baada ya kitabu kutoka.

Anayekianza asifuate mpangilio wa kurasa. Aanze na kisa cha Fuwaad, aende moja kwa moja kwenye "Exhalation", kisha kitufe, na prizimu baadaye akiwa na jioni mbili za nafasi. Ile ndefu ya viumbe wa kidijitali aiweke akiba ya safari ya basi. Nyuma ya kitabu kuna maelezo ya mwandishi juu ya chanzo cha kila hadithi. Yasomwe baada ya hadithi yenyewe, maana yanataja wazo la msingi bila kuficha, na "Omphalos" ikisomwa kwa mpangilio wa kinyume inabaki mifupa.